Wekundu Ambao Kioo Hakikuuona

Udongo wa vilima vya Mutaho, kaskazini mwa Gitega nchini Burundi, ni mwekundu, na masika unapaka kila kitu hadi kwato za ng'ombe. Lakini picha za kale za nchi yetu zimeutoa mweusi kupita kiasi, na mbingu juu yake nyeupe tupu.

Chukua mfano wa kitabu *Die Barundi* cha Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889. Alipita Burundi mwaka 1911, enzi ya Mwami (mfalme) Mutaga, na kitabu chake chenye picha kikatoka Leipzig mwaka 1916. Tafsiri ya Kifaransa ilingoja hadi 1984.

Kamera zenyewe zilikuwa zimechelewa kupanda huku bara. Mpelelezi James Augustus Grant alipiga picha Unguja mwaka 1860, lakini kioo chake, kilichotumika mahali pa filamu, kilitakiwa kupakwa dawa, kupigiwa picha na kusafishwa kingali kibichi, ndani ya dakika chache. Joto la hema la giza lilimshinda, akarudi kwenye kuchora. Mwaka 1871 Richard Leach Maddox alipendekeza jelatini ya kushikilia dawa, na vioo vikavu vikaweza kubebwa safari nzima.

Hata hivyo vioo hivyo vilikuwa na upofu. Chembe za bromidi ya fedha huamshwa na nuru ya buluu na urujuani. Nuru nyekundu haina nguvu ya kuzigusa. Ndiyo maana mafundi waliweza kusafisha picha chini ya taa nyekundu. Mwaka 1873 Hermann Vogel, kule Berlin, aligundua kuwa rangi fulani zikitiwa kwenye dawa, kioo huanza kuona kijani na manjano. Vioo vinavyoona hata nyekundu vilianza kuuzwa mwaka 1906 tu, na vya zamani viliendelea kutumika kwa miaka mingi.

Sasa fikiria uso wa Mrundi. Ngozi ya hudhurungi hurudisha nuru nyekundu zaidi kuliko ya buluu, yaani hurudisha zaidi kile ambacho kioo hakioni. Uso ukatoka mweusi kuliko ulivyo, mikunjo ya tabasamu ikamezwa, na msomaji wa Ulaya hakuwa na namna ya kujua kilichopotea. Kwangu hili ni jambo zito, maana kwa wazee wengi wale hakuna picha nyingine.

Siku hizi kuna programu za kutia rangi picha za kale. Nyingi hukisia kutokana na weusi uliopo, bila kujua ni kioo cha aina gani kilichotumika, hivyo upofu wa kioo huongezewa rangi na kuonekana kweli. Mchapishaji anayezitoa upya picha hizi anapaswa kuandika aina ya kioo chini ya kila picha, kabla ya jina la mpiga picha.