Tumsikie na Aliyeshika Shiraa

Wapo wasomi wanaozibeza tamthilia za runinga zitokanazo na riwaya za mapenzi za kihistoria. Kwao, huo ni mchezo wa magauni na vito, burudani isiyostahili kujadiliwa darasani. Mimi niliyefundisha fasihi kisiwani Lamu kwa miaka kadhaa siafikiani nao hata kidogo. Tamthilia hizi ni miongoni mwa kazi chache zinazomweka mwanamke katikati ya historia na kumuuliza yeye mwenyewe alitaka nini. Hata hivyo, lipo swali ambalo ningependa walimu wenzangu na wanafunzi walitafakari: ni mwanamke yupi anayeulizwa?

Tuchukue mfano wa Bridgerton, iliyotokana na riwaya za Julia Quinn na kuanza kuonyeshwa Desemba 2020. Humo tunaiona London ya mwanzoni mwa karne ya 19, ambako binti wa ukoo bora hana kura wala taaluma, na ndoa ndiyo karata yake pekee. Katika Outlander, riwaya ya Diana Gabaldon ya mwaka 1991 iliyoingia katika runinga mwaka 2014, muuguzi wa Vita Vikuu vya Pili anajikuta katika Uskoti ya mwaka 1743. Katika kazi zote mbili, hofu, tamaa na aibu za mwanamke ndizo zinazouendesha mchezo. Vitabu vingi vya historia tulivyosomeshwa vilihesabu wafalme na mapigano. Havikusema lolote juu ya binti aliyeozwa usiku wa kuamkia vita.

Hiyo ni faida kubwa. Lakini wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Maleba yanaweza kumpamba mwanamke mmoja huku yakimficha mwingine. Mnamo 1976, runinga ya Brazili ilionyesha Escrava Isaura, iliyotokana na riwaya ya Bernardo Guimarães ya mwaka 1875, miaka 13 kabla ya utumwa kukomeshwa nchini humo. Tamthilia hiyo ilizunguka dunia, na watazamaji wengi wakamlilia Isaura, mtumwa anayeandamwa na bwana wake. Lakini Isaura aliumbwa na ngozi nyeupe, akafunzwa adabu za mabibi, na katika runinga akaigizwa na mwigizaji mweupe. Rosa, mjakazi mwenzake, alipewa wivu na hila. Ni kana kwamba mtazamaji aliambiwa: mhurumie mtumwa huyu, kwa sababu hafanani na watumwa.

Nayasema haya kwa kuwa sisi wa pwani tunayo maleba yetu, nayo yana siri kama hiyo. Zamani, bibi wa ukoo bora wa Lamu alipotoka nyumbani, alitembea ndani ya shiraa, kitambaa kikubwa mithili ya hema kilichoinuliwa kwa vijiti. Mwelekezi yeyote angeipenda picha hiyo: vichochoro vyembamba, kuta za matumbawe, na hema linalosogea polepole likiwa na mtu asiyeonekana. Lakini vijiti hivyo vilishikwa na nani? Vilishikwa na wajakazi, wanawake watumwa, ambao wao wenyewe hawakuruhusiwa kujistiri kama mabibi zao. Bibi alifichwa ili aheshimiwe. Mjakazi aliachwa wazi ili ajulikane kuwa hana heshima ya kulindwa.

Hapa ndipo maleba yanapogeuka kuwa historia. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa katika ukanda wa pwani ya Kenya mwaka 1907. Mwanzoni mwa karne hiyo ya 20 shiraa ilififia na buibui likaenea, vazi ambalo mwanamke alilivaa mwenyewe bila kushikiwa na mtu. Kwa wanawake wengi waliotoka utumwani, kujifunika kulikuwa dai la uungwana: nami ni mtu, nami nina staha. Mtazamaji wa mbali akiliona buibui atadhani ameona kifungo tu. Mjukuu wa mjakazi huenda akaliona kuwa ni hati ya uhuru. Tamthilia isiyoijua tofauti hiyo itapata nguo na kumkosa mvaaji.

Je, yawezekana kufanya vyema zaidi? Naam. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, iliyotoka mwaka 1999, iligeuzwa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Ingawa ni kazi ya sinema wala si ya runinga, inatufaa kama kielelezo. Inasimulia mapenzi ya Zanzibar ya miaka ya 1950, wakati wa kupigania uhuru. Yasmin, msichana wa Kihindi, anaikimbia ndoa ya kulazimishwa na kupata hifadhi kwa Mwajuma, mwanamke Mwafrika. Mwajuma hakuwekwa pale ili kubeba mizigo ya shujaa. Ana nyumba yake, sauti yake na ucheshi wake, na bila yeye hadithi haisimami.

Visiwa vya Lamu havikosi visa vya kuigizwa. Mwana Khadija alitawala Pate katika karne ya 18. Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu aliyempinga Sultani wa Zanzibar, alimtungia binti yake utenzi wa wasia mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Utenzi huo tunaufundisha kama mafunzo ya mke mwema. Ni nadra kuwauliza wanafunzi nani alichota maji ya kuogea na kuwasha chetezo cha udi katika nyumba za mabibi wa wakati ule.

Basi rai yangu kwa walimu ni hii. Mnapojadili riwaya au tamthilia ya kihistoria, msikomee kwa anayependwa na anayeolewa. Watakeni wanafunzi waandike onyesho moja kwa sauti ya mjakazi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na mapenzi ya mabibi, yawe ya London au ya Lamu, yalitandikiwa kitanda na mikono ya wanawake ambao hadi leo hatujayasikia majina yao.