Kabla ya Kununua Betri Nyingine: Namna ya Kutafuta Hitilafu ya Umeme katika Pikipiki ya Zamani

Siku ya huduma ya mkoba hupangwa mapema. Mwenyekiti wa kitongoji hutangaza, akina mama huahirisha shughuli za shamba, na watoto huletwa mahali palipotajwa wakiwa na kadi zao za kliniki. Kinachosubiriwa ni mhudumu wa afya, pikipiki yenye namba za SM, na kasha la baridi lililobeba chanjo zinazopaswa kutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Pikipiki isipowaka asubuhi hiyo, huduma yote husimama, na mama aliyetembea kilomita kadhaa hurudi nyumbani na mtoto ambaye hajachanjwa.

Pikipiki iliyotumika miaka mingi inaweza kuwa na injini nzima kabisa na bado ikakwamishwa na mfumo wa umeme. Nyaya huchakaa, viunganishi huingia kutu wakati wa masika, na vumbi la kiangazi hujaa ndani ya swichi. Hitilafu za namna hii haziko wazi kama pancha au mnyororo uliokatika, ndiyo maana mara nyingi hushughulikiwa kwa kubahatisha: hununuliwa betri, kisha regyuleta, kisha koili. Makala hii inaeleza njia nyingine, ambayo ni kupima kwanza na kununua baadaye.

Mfano wa betri inayokufa kila mara

Chukulia pikipiki ya zahanati ambayo betri yake huisha nguvu kila baada ya siku chache. Betri imebadilishwa mara mbili. Kila betri mpya hufanya kazi vizuri kwa wiki moja, kisha honi huanza kufifia, indiketa hukataa kuwakawaka, na hatimaye injini haiwaki kwa swichi. Mtumiaji anajaza fomu akiomba betri ya tatu.

Ombi hilo linaeleweka, lakini betri haizalishi umeme. Kazi yake ni kuutunza. Umeme wa pikipiki huzalishwa na koili zilizo ndani ya mfuniko wa injini, pembeni mwa sumaku inayozunguka pamoja na injini. Umeme huo ni wa mkondo geu, hivyo hupitia kwenye regyuleta, kifaa kinachougeuza kuwa mkondo mnyoofu na kuuzuia usipande kupita kiasi. Kutoka hapo huenda kwenye betri, kisha hupitia fyuzi na swichi ya ufunguo hadi kwenye taa, honi na indiketa. Ili mzunguko ukamilike, umeme hurudi kwenye upande hasi wa betri kupitia fremu yenyewe na waya wa ethi. Hitilafu mahali popote katika njia hiyo inaweza kuifanya betri ionekane mbovu.

Jambo moja huwachanganya wengi. Katika baadhi ya pikipiki za zamani, cheche ya plagi hutoka moja kwa moja kwenye koili za injini na haitegemei betri. Pikipiki ya aina hiyo huweza kuwaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa. Nyingine hutegemea betri kwa cheche pia, nazo huzima kabisa. Vilevile, zipo ambazo taa yake kubwa hulishwa na koili moja kwa moja. Taa hiyo kufifia injini inapounguruma taratibu si dalili ya ubovu. Fundi anapaswa kujua aina iliyo mbele yake kabla ya kutoa uamuzi.

Vipimo vya mwanzo

Kifaa kinachohitajika ni mita ya kupimia umeme, ile ndogo ya mkononi inayopima volti na ukinzani. Kwanza husomwa maandishi yaliyo juu ya betri, kwa kuwa baadhi ya pikipiki za zamani hutumia volti 6. Vipimo vifuatavyo ni vya betri ya asidi ya volti 12.

Betri iliyojaa na kupumzika kwa saa kadhaa husoma takriban volti 12.6 hadi 12.8. Ikisoma chini ya 12, imeisha nguvu na inapaswa kuchajiwa kabla ya kipimo kingine chochote. Betri iliyochajiwa ikashuka yenyewe kwa siku moja au mbili, ilhali imetenganishwa na pikipiki, hiyo ndiyo mbovu.

Betri ikishathibitika kuwa nzima, injini huwashwa na kuongezwa mwendo wa wastani. Mita iliyowekwa kwenye vichwa vya betri inapaswa kupanda hadi takriban volti 13.5 mpaka 14.5. Isipopanda, betri haichajiwi. Ikipita 15, regyuleta imeshindwa kuzuia umeme, na betri itachemka na kuunguza balbu. Betri isitenganishwe kamwe wakati injini inaunguruma ili kuona kama itazima. Umeme huruka ghafla na kuharibu vifaa.

Katika mfano wetu, betri iliyochajiwa ilisoma 12.7 ikiwa imepumzika, na 12.6 injini ikiwa katika mwendo. Jibu la kwanza limepatikana: betri ni nzima, lakini hailetewi umeme.

Kufuata njia hatua kwa hatua

Hapa ndipo wengi hukimbilia kununua regyuleta. Fundi makini huendelea kupima kwa mpangilio, akianzia pale umeme unapozaliwa.

Alichomoa soketi ya nyaya zinazotoka kwenye koili, akaweka mita kwenye volti za mkondo geu. Nyaya zilikuwa tatu. Kila jozi ilitoa kiasi kinacholingana na nyingine, na kiasi hicho kilipanda mwendo ulipoongezwa. Koili zilikuwa nzima. Alirudisha soketi, akapima kwenye regyuleta yenyewe, kati ya waya unaotoka na mwili wake. Mita ilisoma volti 14.2. Regyuleta pia ilikuwa nzima.

Basi 14.2 zilikuwa zinatoka, na 12.6 tu ndizo zilizofika. Volti 1.6 zilikuwa zinapotea njiani. Fundi alibakiza ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, na nyingine akaigusisha kwenye mwili wa regyuleta, injini ikiendelea kuunguruma. Katika njia nzima ya ethi, kipimo hicho hakipaswi kuzidi takriban volti 0.2. Kilisoma 1.6.

Kasoro ilikuwa chini ya tangi la mafuta, kwenye bolti moja inayofunga waya wa ethi kwenye fremu. Fremu ilikuwa imepakwa rangi upya, na waya ukarudishwa juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Uliobaki ulipita kwa shida kwenye nyuzi za bolti zilizoanza kutu. Tiba ilikuwa kipande cha msasa, kukaza bolti na kupaka grisi kidogo juu yake. Mita kwenye betri ilipanda hadi 14.1. Betri mbili zilizonunuliwa awali hazikuwa na kosa lolote.

Ukinzani mdogo kama huo una madhara kwa sababu mkondo wa pikipiki ni mkubwa kuliko unavyodhaniwa. Taa ya wati 35 kwenye volti 12 huvuta takriban ampea 3, na ukinzani wake ikiwa inawaka ni omu 4 hivi. Kutu inayoongeza omu 1 tu kwenye kiunganishi huinyang'anya taa hiyo karibu sehemu moja ya tano ya umeme wake, na dereva wa usiku halioni shimo mpaka amelifikia.

Fyuzi inapokatika mara kwa mara

Fyuzi inayokatika inatoa taarifa kwamba kuna waya uliochubuka na kugusa fremu, yaani kuna shoti. Kuweka mahali pake karatasi ya fedha ya sigara au kipande cha waya ni kuhamishia moto kwenye nyaya zilizopita chini ya tangi la petroli.

Njia salama ni kuchukua balbu ya indiketa ya volti 12 na kuiunganisha mahali pa fyuzi, taa na vifaa vingine vikiwa vimezimwa. Balbu ikiwaka kwa nguvu, shoti ipo. Fundi hutikisa nyaya sehemu moja baada ya nyingine. Mahali ambapo balbu hufifia au kuzima ndipo penye kasoro. Sehemu za kuanzia ni shingo ya usukani, ambako nyaya hukunjwa kila kona, chini ya kiti, karibu na bomba la moshi, na chini ya bamba la tope la nyuma. Waya uliochubuka huunganishwa kwa kulehemu, hufunikwa vizuri, na hupitishwa mbali na kilichoukwaruza. Kisha hurudishwa fyuzi yenye ampea zilizoandikwa na mtengenezaji.

Wajibu wa mtumiaji na wa mwidhinishaji

Hitilafu ngumu kuliko zote ni ile inayotokea barabarani na kutoweka karakanani. Anayeweza kuikamata ni mtumiaji, kwa kuiandika katika daftari la safari siku hiyohiyo: je, ilitokea baada ya mvua au baada ya kuoshwa? Usukani ulipokatwa kushoto au kulia? Injini ilipopata moto? Je, honi na taa vilizima pamoja na injini, au injini peke yake? Vikizima vyote kwa pamoja, fundi ataanzia kwenye betri, fyuzi kuu, swichi ya ufunguo na ethi. Ikizima injini peke yake, ataanzia kwenye swichi ya kuzimia injini na mfumo wa cheche. Sentensi mbili za daftari huweza kuokoa siku nzima ya kazi.

Mtumiaji pia anashauriwa kukagua vichwa vya betri kila wiki, kuondoa unga mweupe au wa kijani unaojijenga, na kutoelekeza maji ya nguvu kwenye swichi na soketi wakati wa kuosha. Anapofungua betri, waya hasi ndio hutangulia kutoka, na ndio huwa wa mwisho kurudi. Maji ya betri ni asidi ya salfa. Yakimwagikia ngozi au macho, sehemu hiyo isafishwe mara moja kwa maji mengi safi, na aliyeingiwa na asidi machoni afikishwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Kwa mkuu wa kituo anayeidhinisha matengenezo, swali la kuuliza ni moja: vipimo vilisoma nini? Fomu inayoomba betri ionyeshe volti za betri ikiwa imepumzika, volti injini ikiwa katika mwendo, na volti zinazopotea kwenye ethi. Ni tarakimu tatu, na kuzipata huchukua muda mfupi kuliko safari ya kwenda dukani. Zikikosekana, kifaa kipya kitafungwa kwenye hitilafu ileile ya zamani, na siku nyingine ya huduma ya mkoba akina mama watasubiri pikipiki ambayo haitafika.