Karatasi ya nyumba iko kwa mkopeshaji: je, nyumba imekwenda?

Mjini Bunia, wakati pesa ya hospitali ao ya masomo inakosa, wengi wanakimbilia Banki Lambert, yule mkopeshaji wa mtaani mwenye faida kali. Anaomba karatasi ya parseli. Siku ya kulipa ikipita, anatuma vijana: "Tokeni, nyumba ni yetu."

Kisheria, hapana. Kushika karatasi ya mwingine si kuwa mwenye nyumba. Kongo iko ndani ya OHADA tangu 2012, na sheria zake zinataka mwenye kudai awe na hukumu ao hati yenye nguvu kama hukumu. Ni uisie wa tribinali ndiye anakuja kukamata mali. Tena anaanza na vitu vya kubebeka, kama pikipiki na bidhaa. Nyumba inafuata kama hivyo havitoshi, isipokuwa kwa mwenye ipoteki, mara nyingi banki.

Hatari kubwa iko kwenye sahihi. Wakopeshaji wengine wanaandikisha "nimeuza" mahali pa "nimekopa". Soma mbele ya kusaini, ubaki na kopi. Kwa wenye ndoa, sheria ya familia iliyorekebishwa 2016 inaomba mapatano ya bwana na bibi mbele nyumba yao iuzwe ao iwekewe ipoteki.

Na kuandika nyumba haraka kwa jina la shemeji ili deni lisiifikie? Mwenye kudai anaweza kuomba tribinali ivunje hiyo. Na shemeji naye anaweza kuipenda.