Ubaguzi ulivyozitia hasara klabu za England

DESEMBA 30, 1978, Old Trafford. West Bromwich Albion waliifumua Manchester United mabao 5-3. Laurie Cunningham alifunga, Cyrille Regis akafunga, na nyuma alikuwepo beki Brendon Batson. Wote watatu weusi, na wakigusa mpira jukwaa linazomea. Mtangazaji Gerald Sinstadt hakukaa kimya, akazitaja zile kelele hewani.

Kijiweni tungesema waliozomea walijibiwa kwa mabao matano. Lakini kuna swali lilibaki, nalo ni la kazi na mshahara: mchezaji mweusi wa zama zile alikuwa analipwa anachostahili?

Mwaka 2000 mchumi Stefan Szymanski alilijibu kwenye jarida la Journal of Political Economy. Alichukua klabu 39 za England, kuanzia 1978 hadi 1993, akalinganisha mishahara, nafasi kwenye ligi na idadi ya wachezaji weusi waliotumika.

Kwa nini soka? Ofisini bosi akikwambia hujafikia kiwango, unabishia wapi? Uwanjani watu wanaona kila wiki, na msimamo wa ligi haumpendelei mtu. Kwa kawaida klabu yenye mishahara mikubwa humaliza juu. Kwa hiyo kama hakuna ubaguzi, klabu mbili zinazotumia fedha sawa kwenye mishahara zinatakiwa kumaliza karibu karibu, rangi za wachezaji ziwe zozote.

Haikuwa hivyo. Zilizotumia weusi wengi zaidi zilimaliza juu kuliko mishahara yao ilivyoonyesha. Yaani mchezaji mweusi alikuwa anapatikana kwa fedha ndogo kuliko kiwango chake, na klabu iliyomkwepa ililazimika kulipa zaidi ili ifike palepale. Ubaguzi ulikuwa hasara, tena ya kujitakia.

Uwanjani mambo yalibadilika. Mwaka 1982 Paul Canoville alipoingia kuichezea Chelsea kwa mara ya kwanza, mashabiki wa Chelsea wenyewe walimzomea. Mwaka 1996 klabu hiyohiyo ikamkabidhi timu Ruud Gullit, kocha wa kwanza mweusi Ligi Kuu England.

Ila tangu hapo makocha weusi kwenye ligi hiyo wamebaki wa kuhesabu, wakati wachezaji weusi wamejaa kila timu. Sababu moja iko wazi. Mchezaji unamwona akicheza kabla hujamsajili. Kocha anayetafuta kazi ya kwanza hana msimamo wa kuonyesha. Anachaguliwa kwenye chumba kilichofungwa, kama ofisini.

Mbwana Samatta alipotua Aston Villa, majirani wa West Brom, Januari 2020, huku kwetu tuliuliza jambo moja tu: atafunga? Kocha mweusi naye anataka aulizwe hivyohivyo: atashinda? Lakini ili ajibu, lazima kwanza apewe timu.