Somo la Ufumaji: Mahali pa Kuingiza Sindano

Wanafunzi wa Nachingwea na Ruangwa, kila mmoja awe na uzi, sindano ya kulabu, kalamu na daftari.

Watu wengi huanza kufuma kitambaa cha meza chenye pembe nne, nao humaliza wakiwa na pembe tatu. Uzi ulionunuliwa kwa fedha ya korosho au ufuta si mbaya, wala mkono si mzito. Sababu ni mahali sindano ilipoingia.

Kwanza, fuma mnyororo wa vitanzi 21. Kitanzi kilicho juu ya sindano hakihesabiwi. Ruka kitanzi kilicho karibu na sindano, ingiza sindano katika cha pili, vuta uzi. Sasa sindano ina vitanzi viwili. Vuta uzi tena upite katika vyote viwili. Hilo tuliite jicho moja. Endelea mpaka mwisho, upate macho 20.

Pili, fuma kitanzi kimoja cha kupandia, kisha geuza kazi. Kitanzi hicho si jicho. Tazama kichwa cha kila jicho: nyuzi mbili zimelala kama herufi V. Pitisha sindano chini ya zote mbili. Ukichukua uzi wa nyuma peke yake, kitambaa kitakuwa na mistari iliyoinuka. Fundi hufanya hivyo kwa makusudi. Anayeanza ashike zote mbili.

Tatu, angalia pembeni. Jicho la kwanza liko chini kabisa ya kitanzi cha kupandia, usiliruke. Jicho la mwisho hujificha. Lifungie kipande cha uzi wa rangi nyingine. Ukiruka jicho moja katika kila safu, baada ya safu 10 zaidi macho 20 yatakuwa 10. Ukiingiza sindano mara mbili katika jicho moja, kitambaa kitapanuka. Ndivyo kofia ya mviringo inavyoongezwa: macho 6 huwa 12.

Nne, hesabu kila safu, uandike daftarini: safu ya 1, macho 20. Hesabu ikipungua, fumua mara moja. Kufumua safu moja leo ni rahisi kuliko safu 10 kesho.

Zoezi. Safu ya 4 ina macho 20, na safu ya 5 ina 18. Je, macho mangapi yamerukwa? Utafumua safu ngapi? Andika majibu, umwonyeshe mwalimu wako.