Usiku wa Marok wa Botswana

Mgeni akifika Gaborone, Maun au Ghanzi jioni ya onyesho la roki, hana haja ya kuuliza ukumbi uko wapi. Atawaona wenyewe wakija kwa miguu, wameijaza barabara: suruali za ngozi nyeusi, jaketi zenye njumu za chuma na vishada vinavyoning'inia mikononi, buti, kofia pana za wachunga ng'ombe. Mmoja kabeba fuvu la ng'ombe na pembe zake, mwingine kajizungushia minyororo kiunoni. Hao ndio Marok, wapenzi wa hevi metali wa Botswana, na kwao burudani huanza palepale barabarani, gitaa halijaguswa bado.

Muziki wenyewe ulitoka mbali. Miaka ya 1970 bendi ya Nosey Road, ya ndugu wa familia ya Sbrana, ilikuwa ikipiga roki. Miaka ya 1990 wakaja Metal Orizon, kisha Wrust, Skinflint na Overthrust wenye mngurumo mzito zaidi. Vazi na mwenendo, hata hivyo, vina harufu ya zizi. Kwa jadi Mtswana ana makazi matatu: kijijini, shambani na kambi ya ng'ombe, na mpaka leo karani wa mjini anaweza kuwa na mifugo yake huko nyikani. Ndiyo maana ngozi, pembe na kofia pana hazikuhitaji kuagizwa kutoka ng'ambo. Mwendesha pikipiki wa Uingereza na mchunga ng'ombe wa Kalahari wamekutana ndani ya jaketi moja. Hata nyimbo zimefuata njia hiyo: albamu ya Skinflint ya mwaka 2010 inaitwa Iklwa, jina la mkuki mfupi wa askari wa Shaka, mfalme wa Wazulu.

Anayejiunga na Marok hujipatia jina jipya, la kutisha kadiri awezavyo. Gunsmoke na Vulture Thrust ni miongoni mwa yanayofahamika. Salamu nayo ina utaratibu wake. Wawili wakikutana, mmoja hunyakua mkono wa mwenzake, huukaza na kuutikisa mpaka mabega yakayumba, uso umekunjwa, macho kwa macho. Anayetazama kwa mbali atadhani ngumi zinafuata, kumbe watu wanajuliana hali.

Onyesho la maana hukusanya bendi kadhaa kwa usiku mmoja. Hesabu yake ni rahisi: Botswana inakaribia kulingana na Kenya kwa eneo, lakini ina watu milioni 2 na ushei tu. Bendi moja ikijitwika peke yake gharama za mitambo, mafuta ya gari na ukumbi, itarudi nyumbani na madeni. Basi hushirikiana. Chipukizi hupanda kwanza, watu wakiwa bado wanaingia. Wenye jina hufunga kazi. Ngoma na spika hutumiwa kwa zamu. Mpiga ngoma anayeshuka hufungua matoazi yake na kuyabana kwapani. Anayepanda hufunga yake, husogeza kigoda, hupiga mapigo mawili matatu ya kujaribu, huku mwenye besi akikaza nyuzi. Watu nao hupata nafasi ya kuvuta pumzi, kununua bia na kusogelea nyama choma. Ukiwa ni msimu wa kipupwe, baridi ya usiku wa Kalahari inapenya mifupa, na hapo ngozi nzito huacha kuwa pambo.

Bendi ikianza, vichwa hutikiswa kwenda na kurudi, na mbele ya jukwaa watu hugongana mabega kwa makusudi. Vurugu hiyo ina kanuni isiyoandikwa, inayofuatwa na wapenzi wa muziki huu kila pembe ya dunia: aliyeanguka huinuliwa papo hapo, na hakuna anayemrukia aliye chini.

Marok wenyewe husisitiza kwamba uungwana ni sehemu ya vazi. Anayetembea amevaa hivyo anaonekana na kila mtu, kwa hiyo aibu ya mmoja ni ya wote. Hilo halijawaepusha na lawama. Wapo wanaowaita waabudu shetani kwa sababu ya mafuvu na weusi wa mavazi. Jibu lao wamelitoa kwa vitendo. Overthrust, waliounda bendi mwaka 2008, wamekuwa wakiandaa tamasha la metali mjini Ghanzi, katikati ya ranchi za ng'ombe, na kulitumia kuchangia wenye shida. Mwimbaji wao, Vulture Thrust, amefanya kazi ya upolisi. Mwaka 2016 bendi hiyo ilipiga Wacken, Ujerumani, moja ya matamasha makubwa kabisa ya muziki huu duniani.

Upande wa wanawake hadithi ni ngumu zaidi. Wapo tangu zamani, na huvaa kwa ukamilifu uleule. Mpiga picha Paul Shiakallis wa Afrika Kusini aliwapiga picha wakiwa majumbani mwao, sebuleni na uani, na wengine kati yao walikuwa wakificha mapenzi yao ya muziki huo kwa kuogopa wazazi, wenzi au majirani. Mwanamume akipita barabarani na fuvu la ng'ombe huitwa mtukutu. Mwanamke akivaa ngozi hiyohiyo huulizwa ana mume wa namna gani. Marok wamefaulu kuufanya muziki wa kigeni uwe na desturi za kwao. Deni walilobakiwa nalo ni kuhakikisha heshima wanayopeana kwa mkono uliokazwa inawafikia dada zao pia, na si usiku wa onyesho tu.