Sauti ya dijitali inavyoweza kushindana na ya santuri

WAPENZI wa muziki wenye gramafoni na mashine ya CD katika sebule moja wana lalamiko la kawaida: santuri ya zamani husikika laini na yenye uhai, ilhali wimbo uleule ukipigwa kutoka kwenye CD au kompyuta huwa mkavu na wenye kuchosha masikio.

Lalamiko hilo limewafanya baadhi yao kutumia fedha nyingi kununua mashine mpya, nyaya za gharama kubwa na mafaili ya muziki yenye takwimu za kuvutia, lakini baadaye hugundua kwamba tofauti waliyoitarajia haikupatikana. Mara nyingi kasoro wanayoisikia haimo katika kifaa walichokibadilisha.

Ili kujua fedha zielekezwe wapi, ni vyema kwanza kufahamu jinsi kila chombo kinavyofanya kazi.

Santuri ya kupiga kwa muda mrefu, maarufu kama LP, ilizinduliwa na kampuni ya Columbia ya Marekani mwaka 1948. Sauti huchongwa katika mfereji mwembamba, sindano hutikisika inapopita humo, na mtikisiko huo hugeuzwa kuwa umeme dhaifu ambao hukuzwa hadi ufike kwenye spika.

Njia hiyo ina mipaka yake. Besi hupunguzwa wakati wa kuchonga ili mfereji usiwe mpana mno, kisha hurejeshwa na kikuza sauti maalumu cha gramafoni. Tofauti kati ya sauti ya juu kabisa na mvumo wa santuri yenyewe kwa kawaida haizidi desibeli 70, na ubora hushuka kadiri sindano inavyokaribia katikati ya santuri.

CD, iliyobuniwa na kampuni za Philips na Sony, iliingia sokoni nchini Japani Oktoba mwaka 1982. Yenyewe huhifadhi vipimo 44,100 vya wimbi la sauti kwa kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa namba moja kati ya 65,536. Uwezo huo unaipa wigo wa desibeli 96 hivi, na masafa yanayofikia ukomo wa usikivu wa binadamu, yaani takriban hezi 20,000.

Wapo wanaoamini kwamba kwa kuwa dijitali huikata sauti vipande vipande, kinachotoka kwenye spika nacho ni vipande. Dhana hiyo si sahihi. Mtaalamu wa hisabati wa Marekani, Claude Shannon, alionyesha mwaka 1949 kwamba wimbi hujengwa upya kikamilifu, mradi masafa yake hayafikii nusu ya idadi ya vipimo vinavyochukuliwa kwa sekunde.

Kwa nini basi santuri huwapendeza wengi zaidi? Sababu ya kwanza ni namna nakala kuu ya muziki inavyoandaliwa. Tangu miaka ya 1990 watayarishaji wengi wamekuwa wakishindana kuzifanya CD zao zisikike kwa kishindo kuliko za wenzao. Ili kufanikisha hilo, sauti za chini hupandishwa na za juu hubanwa, hadi wimbo mzima unakuwa kelele ya kiwango kimoja.

Mwaka 2008 mashabiki wa kundi la Metallica walilalamikia albamu ya Death Magnetic kwa sababu hiyo. Nyimbo zake zilizowekwa katika mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero zilisikika zikiwa hazijabanwa kiasi hicho, ingawa nazo zilikuwa za dijitali. Tatizo, kwa hiyo, halikuwa dijitali bali uamuzi wa watu.

Sababu ya pili ni kwamba santuri huongeza rangi yake yenyewe. Sindano huzalisha sauti ndogo za ziada ambazo hazikuwamo katika rekodi, na upande wa kushoto na wa kulia huchanganyika kidogo. Kitaalamu hizo ni kasoro, lakini masikio ya wengi huzipokea kama joto na ukaribu.

Tukio la Julai mwaka 2022 liliwafumbua macho wengi. Ilibainika kwamba kampuni ya Mobile Fidelity ya Marekani, ambayo santuri zake zilisifiwa na wapenzi wa sauti isiyopitia dijitali, ilikuwa ikitumia hatua ya dijitali katika kuandaa nyingi kati ya santuri hizo. Kwa miaka kadhaa wasikilizaji makini walikuwa wamezifurahia bila kutambua.

Ipo njia rahisi ya kuthibitisha jambo hilo nyumbani. Mwenye gramafoni anaweza kurekodi santuri yake kwenye kompyuta kupitia kifaa cha kubadili sauti kuwa dijitali, kisha akaipiga nakala hiyo sambamba na santuri huku mtu mwingine akibadilisha bila kumwambia. Asipoweza kuzitofautisha, atakuwa amejua kwamba dijitali inabeba kila alichokipenda, pamoja na mikwaruzo.

Katika jaribio hilo, viwango vya sauti sharti vilingane. Mashine ya CD kwa kawaida hutoa umeme mwingi kuliko gramafoni, na sikio hudhani kuwa chenye sauti kubwa zaidi ndicho bora.

Baada ya hapo hatua za kuboresha hufuata kwa mpangilio. Ya kwanza, ambayo gharama yake ni ndogo, ni kutafuta toleo zuri la rekodi. CD ya zamani iliyotolewa kabla ya mashindano ya kishindo inaweza kuwa bora kuliko toleo jipya linalodaiwa kusafishwa.

Ya pili ni kuepuka mafaili yaliyopunguzwa. CD hutumia kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 ya kilobiti 128 hubakiza takriban sehemu moja tu kati ya 11. Fomati ya FLAC hupunguza ukubwa wa faili bila kupoteza chochote. Kadhalika, ni vyema kutumia waya badala ya Bluetooth, ambayo kwa kawaida huibana sauti upya.

Ya tatu ni kifaa kinachogeuza namba kuwa sauti, kijulikanacho kama DAC. Mashine za CD za mwanzoni zilikuwa na udhaifu katika sehemu hiyo, lakini leo DAC ya bei ya wastani huvuka uwezo wa CD yenyewe. Mwenye mashine ya zamani yenye tundu la dijitali anaweza kuiunganisha na DAC mpya badala ya kuitupa.

Kuhusu mafaili yenye vipimo vingi kuliko CD, tahadhari inahitajika. Utafiti wa Brad Meyer na David Moran uliochapishwa mwaka 2007 uliwataka wasikilizaji watofautishe sauti hiyo na ileile iliyoshushwa hadi kiwango cha CD. Katika majaribio 554, walipatia 276, sawa na kurusha shilingi.

Ya nne, na pengine yenye manufaa makubwa kuliko zote, ni spika na chumba. Kusogeza spika mbali na kona, kutandika zulia na kuning'iniza mapazia mazito hubadili sauti kuliko DAC yoyote. Fedha zilizotengwa kwa ajili ya nyaya za kifahari zingefaa zaidi hapo.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki suala hili lina uzito wa ziada. Nyimbo nyingi za dansi na benga za miaka ya 1960 na 1970 zilitolewa kwenye santuri ndogo, na baadhi hazikuwahi kutolewa tena kwenye CD. Kila sindano inapopita, mfereji huchakaa kidogo.

Mwenye santuri za aina hiyo anayezirekodi leo kwa uangalifu, kwa sindano nzuri na santuri iliyosafishwa, hapati tu sauti ya dijitali inayolingana na ya santuri. Anauokoa pia muziki ambao, santuri ikishavunjika, hakuna fedha zitakazoweza kuurudisha.